Mgonjwa wa Pili: Historia ya Anayemtunza Mzee Aliyepoteza Kumbukumbu

Siku nyingi huwa tunazungumza juu ya chanjo, lishe ya mtoto na uzazi wa mpango. Leo tunamgeukia mtu ambaye hatajwi sana. Ni yule anayempeleka mgonjwa hospitalini lakini yeye mwenyewe hapimwi.

Hebu tuchukue mfano wa mama mwenye umri wa miaka 48. Anamtunza mama mkwe wake, mzee wa miaka 80. Saa kumi za usiku anasikia komeo la mlango likifunguliwa. Mzee amejifunga leso na anasema anaenda kwao, kwa mama yake, ambaye alifariki miaka 40 iliyopita. Anarudishwa polepole, anabadilishwa nguo zilizolowa, anapikiwa uji. Nusu saa baadaye yuko uani akimwambia jirani kwamba tangu jana hajapewa chochote cha kula. Mama huyu anasikia na kunyamaza. Hajalala usingizi kamili tangu mwaka jana. Mgongo unamuuma. Dawa zake za presha zilikwisha na hajapata nafasi ya kwenda kuzichukua.

Akifika kliniki na mzee, anaulizwa: "Mgonjwa anaendeleaje?" Hakuna anayemuuliza: "Na wewe je?"

Swali hilo lina historia yake. Ilichukua miaka mingi hata madaktari wakubwa wakaanza kuliuliza. Tuifuate historia hiyo pamoja, kwa sababu ndani yake mna mambo yanayoweza kukusaidia wewe uliye na mzee nyumbani leo.

Mume mmoja wa Frankfurt

Ugonjwa huu wa kusahau madaktari huuita dimensia. Aina yake inayojulikana zaidi ni ugonjwa wa Alzheimer. Jina hilo ni la daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer.

Mnamo Novemba 1901, mama mmoja aitwaye Auguste Deter aliletwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt. Alikuwa na umri wa miaka 51 tu. Mumewe, Karl, alikuwa mfanyakazi wa reli. Kabla ya siku ile alikuwa ameishi nyumbani na mambo ambayo huenda wewe unayafahamu. Mkewe alianza kumshuku kwamba ana uhusiano na mwanamke jirani. Alificha vitu. Kazi za nyumbani na mapishi aliyoyazoea yakamshinda. Dk. Alzheimer alipomuuliza jina la mumewe, alijibu kwa kutaja jina lake mwenyewe.

Auguste alikaa hospitalini hadi alipofariki Aprili 1906. Daktari aliuchunguza ubongo wake kwa darubini, akaona uharibifu ambao unaonekana katika ugonjwa huu. Novemba mwaka huo alieleza habari hizo katika mkutano wa madaktari mjini Tübingen. Mwaka wa 1910 daktari mwenzake, Emil Kraepelin, aliuita ugonjwa huo kwa jina la Alzheimer katika kitabu chake.

Sasa angalia, mama. Jina la daktari linajulikana dunia nzima. Jina la mgonjwa linajulikana pia, hasa baada ya faili lake kupatikana tena mwaka wa 1995. Lakini Karl je? Tunajua kwamba gharama za hospitali zilimlemea, akaomba mkewe ahamishiwe mahali pa bei nafuu. Zaidi ya hapo ni machache yanayosimuliwa juu yake. Jinsi alivyolala, jinsi alivyoumia kwa kushukiwa bure na mke wake, hayo si sehemu ya hadithi inayofundishwa. Tangu mwanzo kabisa, mtunzaji alisimama nje ya picha.

Miaka ya kusema "ni uzee tu"

Kwa zaidi ya miaka 50 baada ya hapo, madaktari wengi walidhani kwamba ugonjwa wa Alzheimer ni nadra na huwapata watu ambao hawajazeeka sana. Mzee wa miaka 80 akipoteza kumbukumbu, ilisemwa kwamba ni uzee. Na kama ni uzee tu, basi hakuna ugonjwa. Kama hakuna ugonjwa, anayemtunza hana la kulalamikia.

Mawazo hayo yalianza kubadilika mwaka wa 1968, wakati watafiti wa Newcastle, Uingereza, walipochunguza ubongo wa wazee waliofariki wakiwa na dimensia. Waliona uharibifu wa aina ile ile aliouona Alzheimer. Mwaka wa 1976 daktari wa Marekani, Robert Katzman, aliandika kwamba ugonjwa wa wazee na ule wa wenye umri mdogo ni ugonjwa mmoja, na kwamba unaua watu wengi. Hapo ndipo dunia ilipoanza kushtuka.

Wengine walisema huu ni ugonjwa wa wazungu. Si kweli. Kuanzia mwaka wa 1992, madaktari wa Ibadan, Nigeria, wakishirikiana na wenzao wa Indianapolis, Marekani, walichunguza wazee wa pande zote mbili. Dimensia ilikuwa ndogo zaidi Ibadan, lakini ilikuwepo.

Kwetu Kenya kulikuwa na jambo baya zaidi ya kusema "ni uzee". Wapo waliosema ni uchawi. Mzee anayetembea usiku, anayeongea peke yake, anayeingia boma la wenyewe bila kujua, ni rahisi kushukiwa. Mwezi wa Mei 2008, watu 11, wengi wao wazee, walichomwa moto na umati huko Kisii kwa kudaiwa kuwa wachawi. Pwani pia, hasa Kilifi, wazee wameuawa kwa madai kama hayo. Hatusemi kwamba wote walikuwa na ugonjwa wa kusahau. Tunasema kwamba mahali ambapo ugonjwa huu haujulikani, mwenye mgonjwa anabeba mizigo miwili: kumtunza mzee, na kumficha asije akadhuriwa.

Familia zaanza kukutana

Mabadiliko makubwa kwa watunzaji hayakuanzia hospitalini. Yalianzishwa na familia zenyewe, watu waliochoka waliokutana wakazungumza. Huko Canada chama cha Alzheimer kilianzishwa mwaka wa 1978. Uingereza ikafuata mwaka wa 1979 na Marekani mwaka wa 1980. Mwaka wa 1984 vyama vya nchi mbalimbali viliungana kuwa chama kimoja cha kimataifa, Alzheimer's Disease International. Tangu mwaka wa 1994, tarehe 21 Septemba huadhimishwa kama siku ya ugonjwa huu duniani.

Mwaka wa 1981 Nancy Mace na Peter Rabins wa Johns Hopkins, Marekani, walitoa kitabu cha kuwasaidia watunzaji. Jina lake, tukilisema kwa Kiswahili, ni Siku ya Saa 36. Huhitaji kuelezwa maana yake. Siku ina saa 24 kwa watu wengine. Kwa anayemtunza mzee aliyepoteza kumbukumbu, saa hizo hazitoshi.

Jambo lililowashangaza watafiti

Mwaka wa 1980 mtafiti Steven Zarit na wenzake wawili huko Marekani walifanya jambo ambalo ni wachache waliokuwa wamelifanya. Waliwauliza watunzaji 29 juu ya mzigo wao. Walitaka kujua ni kitu gani kinachoufanya mzigo uwe mzito.

Wewe ungejibuje? Wengi wetu tungesema kwamba mzigo huwa mzito mgonjwa anaposahau zaidi au anapokuwa mkorofi zaidi. Lakini sivyo walivyoona. Kiasi cha ugonjwa hakikueleza uzito wa mzigo. Kilichouhusu ni mara ngapi ndugu wengine wa familia walikuja kumtembelea mgonjwa. Waliotembelewa mara nyingi waliuhisi mzigo kuwa mwepesi zaidi.

Lilikuwa kundi dogo, na tafiti nyingine za baadaye zimeonyesha kwamba tabia ngumu za mgonjwa pia huchosha. Hata hivyo jambo lile linafaa kusemwa katika kila boma. Shemeji anayetuma pesa kutoka Nairobi amefanya vyema. Lakini pesa haziketi na mzee jioni moja ili wewe uende kanisani, msikitini au kwenye chama. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Asiyeubeba huuona mwepesi, mpaka aje aushike.

Kidonda kilichochelewa kupona

Je, uchovu huu ni wa moyo tu, au unaingia mwilini? Watafiti wa jimbo la Ohio, Marekani, wakiongozwa na Janice Kiecolt-Glaser, walitafuta jibu. Waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiwatunza jamaa wenye dimensia, na wengine 13 wa umri kama wao wasio na mgonjwa. Kila mmoja, kwa ridhaa yake, alitolewa kipande kidogo sana cha ngozi mkononi. Kisha walihesabu siku za kupona.

Wale wasio na mgonjwa walipona kwa wastani wa siku 39. Watunzaji walichukua siku 48 na zaidi. Jeraha lilikuwa sawa, lakini miili ya watunzaji ilichelewa siku 9. Matokeo hayo yalitolewa mwaka wa 1995. Yalionyesha kwamba fikira nyingi na uchovu wa miaka hupunguza nguvu za mwili za kujikinga na kujiponya. Kwa hiyo, mama, unapopata mafua yasiyoisha au kidonda kisichofunga, usifikiri unajidekeza.

Mwaka wa 1999 Richard Schulz na Scott Beach walitoa habari nzito zaidi. Kwa miaka 4 walifuatilia wazee wa miaka 66 hadi 96 waliokuwa wakiishi na waume au wake zao. Waliokuwa wakimtunza mwenzi mgonjwa, na ambao walisema kazi hiyo inawalemea, walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wasio na mgonjwa. Lakini watunzaji ambao hawakulemewa hawakuwa na hatari hiyo. Maana yake ni nini? Kutunza si sumu. Kulemewa ndiko kunakoua. Na kulemewa kunaweza kupunguzwa.

Dawa iliyo katika kikao

Mjini New York, kuanzia mwaka wa 1987, Mary Mittelman na wenzake walijaribu njia ya kuwasaidia wake na waume wa wagonjwa. Hawakutoa vidonge. Mtunzaji alipewa vikao viwili vya ushauri peke yake na vinne pamoja na jamaa zake. Kisha alijiunga na kikundi cha watunzaji wenzake, na alipokwama aliweza kupiga simu kwa mshauri. Mwaka wa 2006 walitoa matokeo ya watunzaji 406. Waliosaidiwa waliweza kukaa na wagonjwa wao nyumbani kwa siku 557 zaidi kabla ya kuwapeleka katika nyumba za kutunzia wazee. Hiyo ni mwaka mmoja na nusu.

Kwetu wengi hawana nyumba kama hizo za kupeleka mzee, wala hawazitaki. Lakini fundisho ni letu pia. Vikao vinne kati ya sita vilikuwa vya familia nzima. Walikaa chini, wakaelezwa ugonjwa ni nini, wakagawana kazi. Hicho ni kikao ambacho sisi huitisha kwa ajili ya mahari na mazishi. Kwa nini tusikiitishe kwa ajili ya aliye hai?

Usiseme kwamba hayo ni ya nchi tajiri. Huko Goa, India, watu wa kawaida walifunzwa kutembelea nyumba zenye wagonjwa. Walieleza ugonjwa, walisikiliza, na walionyesha jinsi ya kumwosha na kumtuliza mzee. Utafiti wa familia 81, uliotolewa mwaka wa 2008, ulionyesha kwamba watunzaji waliotembelewa kwa miezi 6 walipata nafuu ya akili na moyo.

Hapa kwetu leo

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2021 watu milioni 57 walikuwa na dimensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo linasema pia kwamba asilimia 70 ya saa za kuwatunza wagonjwa hawa hutolewa na wanawake. Mwaka wa 2017 nchi wanachama zilipitisha mpango wa dunia juu ya dimensia, na kuwasaidia watunzaji ni moja ya sehemu zake saba.

Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima, bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa familia na serikali. Sikia vizuri: kwa familia na serikali. Haikusema kwa binti mmoja au mke wa mwana mmoja. Tangu mwaka wa 2018 uko mpango wa Inua Jamii wa wazee wa miaka 70 na zaidi, wa shilingi 2,000 kwa mwezi. Kama mzee wako hajaandikishwa, uliza kwa chifu. Pia kuna shirika la Alzheimer's and Dementia Organization Kenya, ambalo huwakutanisha watunzaji.

Zamani boma lilikuwa na watu wengi. Wajukuu walilala kwa nyanya yao, na mzee akiamka usiku kulikuwa na mtu wa kumsikia. Leo watoto wako shule za bweni, vijana wako mjini, na wewe umebaki na mzee, ng'ombe na shamba. Kazi ni ile ile, lakini mikono imepungua. Usijilaumu kwa kushindwa na kazi ya watu sita.

Basi ufanye nini?

Kwanza, mpeleke mzee apimwe. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kunaweza kuletwa na malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari au dawa fulani, na hayo hutibika. Kujua kwamba ni ugonjwa pia hukupunguzia hasira. Mzee anaposema umemwibia, ni ugonjwa unaosema.

Pili, siku hiyo hiyo na wewe pima presha na sukari. Sema waziwazi: "Daktari, mimi ndiye ninayemtunza, na nimechoka." Usiache dawa zako.

Tatu, linda mgongo. Unapomwinua mzee, kaa karibu naye, tanua miguu, kunja magoti na usipinde kiuno. Akiwa mzito, usimwinue peke yako. Akianguka, mtulize kwanza, kisha uite mtu.

Nne, itisha kikao cha familia. Usiseme tu "nisaidieni", kwa sababu kila mtu atangoja mwenzake. Sema: "Jumamosi mbili kwa mwezi, wewe uje uketi na mama kutoka asubuhi hadi jioni." Taja mtu, taja siku.

Tano, lala. Kama mzee huamka usiku, mwache atembee na kufanya kazi ndogo mchana, apunguze chai ya jioni, na mpeane zamu za usiku na mtu mwingine walau mara moja kwa wiki.

Sita, hasira ikipanda hadi mkono ukatamani kupiga, hakikisha mzee yuko salama, kisha toka nje. Vuta pumzi, nawa uso, mwite jirani. Hasira hiyo ni dalili kwamba umechoka kupita kiasi. Haimaanishi kwamba wewe ni mtu mbaya. Lakini usiifiche.

Saba, kama unalia kila siku, huna hamu ya chakula, au umewaza kwamba afadhali ufe, nenda kituo cha afya leo, au mwambie mhudumu wa afya ya jamii akupeleke. Huo ni ugonjwa, na una matibabu.

Liko jambo jingine ambalo watunzaji hulionea aibu. Siku nyingine unatamani mzee apumzike, yaishe. Kisha unajichukia kwa kuwaza hivyo. Watunzaji wengi hupitia hilo. Unamlilia mtu ambaye bado yuko hai, na majirani hawaji kukupa pole kwa sababu hakuna matanga. Tafuta mtu mmoja unayemwamini umweleze.

Mambo ya kukumbuka

- Kupoteza kumbukumbu kiasi cha kushindwa na maisha ya kila siku ni ugonjwa. Si uchawi, na si uzee tu.
- Anayemtunza mgonjwa naye huugua, moyoni na mwilini.
- Kinachodhuru zaidi ni kulemewa peke yako.
- Kumtembelea mwenye mgonjwa ni msaada wa kweli.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Katika kijiji chetu, ni nani anayemtunza mzee aliyepoteza kumbukumbu? Mara ya mwisho tulimtembelea lini?
2. Ni kazi gani ambayo wanaume na vijana wa nyumbani wanaweza kuanza kuifanya wiki hii?
3. Chama chetu kinaweza kupanga vipi zamu ya kukaa na mzee ili mwenzetu apumzike?

Karl wa Frankfurt hakuwa na kikundi cha kumsikiliza. Wewe unaweza kuwa nacho, hata kama ni watu watatu chini ya mwembe. Na kama wewe huna mgonjwa nyumbani, leo jioni pita kwa yule mwenye mgonjwa. Msalimie mzee, kisha umgeukie mwenye nyumba na umuulize: "Na wewe je, unaendeleaje?" Kisha ukae, usikilize jibu.